KUTANGULIA SI KUFIKA
Somo la leo: Joginder Singh, bingwa wa mbio za magari, na pikipiki zetu za Kimuli

Asubuhi moja ya masika tulikuwa tumesimama kwenye baraza ya duka hapa Kimuli. Tulikuwa tunangoja mvua ipungue. Vijana watatu wa pikipiki walikuwa wanangoja kama sisi, kila mmoja na abiria wake wa kwenda Nkwenda. Mvua ilipokatika, mmoja wao aliwasha pikipiki kabla ya wenzake. Akapiga honi, akacheka, akasema, "Nyie mtanikuta nimeshakunywa chai!" Akaondoka kwa kasi, matope yakaruka nyuma yake.

Wenzake waliondoka polepole. Walimkuta chini ya mteremko, kwenye kalavati. Pikipiki ilikuwa mtaroni. Abiria wake, mama wa makamo, alikuwa ameumia mkono. Kijana mwenyewe alikuwa amevunjika mguu chini ya goti.

Pikipiki ile haikuwa yake. Ilikuwa ya mkataba, na deni la tajiri lilikuwa bado. Hospitali ilihitaji fedha, tajiri naye alihitaji fedha. Basi baba yake akauza butura, yaani aliuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Sote tunajua kuwa butura imekatazwa, na tunajua pia kwa nini watu bado wanauza. Mwaka ule, wakati wengine wanapeleka kahawa yao kwenye chama cha msingi, nyumba ile haikuwa na gunia hata moja.

Na wale vijana wawili wa nyuma? Walifika Nkwenda. Chai wakainywa.

Jioni yake, katika kikundi chetu cha kusoma, ulizuka ubishi. Mzee mmoja alisema, "Pikipiki ni jeneza lenye magurudumu. Heri zisingekuja." Kijana mmoja akajibu, "Hapana mzee, shikamoo yako, lakini mbona kuna watu duniani wanaokimbiza pikipiki na magari kuliko sisi, nao wanaitwa mabingwa? Wanapewa vikombe. Bila kasi huwezi kuwa bingwa."

Hilo ni swali zuri, nasi hatukutaka kulijibu kwa hasira. Tukasema, haya, tusome habari za mabingwa hao. Tuone wameupataje ubingwa. Somo la leo ndilo jibu letu.

MASHINDANO YA SAFARI

Hatuna haja ya kwenda mbali. Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na mashindano ya magari yaliyojulikana dunia nzima. Yaliitwa Safari. Yalianza mwaka 1953, wakati nchi zetu zilikuwa bado chini ya Waingereza. Magari yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikwenda maelfu ya kilomita, mchana na usiku, kwa siku kadhaa. Kwa miaka mingi yalifanyika siku za Pasaka. Na Pasaka, kama tujuavyo, ni wakati wa mvua. Katika miaka ya 1970 mashindano hayo yalibaki Kenya peke yake, na huko yanaendelea hata leo.

Wengi wetu tukisikia mbio za magari tunafikiri magari yanapangwa mstari mmoja, yanapigiwa kengele, na wa kwanza kufika ndiye mshindi. Safari haikuwa hivyo. Magari yaliondoka moja moja, kila moja kwa dakika yake. Njiani kulikuwa na vituo vya ukaguzi. Kila gari lilipewa muda wa kufika kituo fulani. Ukichelewa, dakika zako za kuchelewa zinaandikwa kuwa pointi za hasara. Mwisho wa safari pointi zinajumlishwa. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Hebu tufikiri kidogo. Maana ya utaratibu huo ni nini? Ni kwamba huwezi kushinda kwa kukimbia sana kipande kimoja cha njia. Unashinda kwa kufika kila kituo, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Gari likivunjika kabla ya kituo cha mwisho, mbio zako zote za jana ni bure.

Na magari yalivunjika kweli kweli. Njia zilikuwa kama hizi zetu: udongo, mawe, makorongo, madaraja yaliyochukuliwa na maji. Barabara hazikufungwa. Mbele ya gari la mashindano aliweza kutokea ng'ombe, lori la mizigo, au mtu na baiskeli yake. Mwaka 1963 yaliondoka magari zaidi ya 80. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 mambo yakawa vile vile: yaliondoka zaidi ya 80, yakafika 7.

Jambo jingine la kushangaza ni hili. Viwanda vikubwa vya Ulaya vilileta magari na madereva wao hodari. Hata hivyo, kuanzia mwaka 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeshinda Safari. Walishinda wakazi wa Afrika Mashariki tu. Wa kwanza kutoka nje kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa nchi ya Finland, mwaka 1972. Kwa miaka karibu 20 wageni walikuja na kasi, wenyeji wakawa na kuijua njia. Kuijua njia kukashinda.

MTOTO WA GEREJI

Mmoja wa wenyeji hao alikuwa Joginder Singh. Alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, magharibi mwa Kenya, nchi ya mashamba ya chai. Ukitoka Bukoba ukavuka Ziwa Victoria kuelekea mashariki, Kericho iko ng'ambo ya pili, juu milimani. Wazazi wake walikuwa Makalasinga, watu waliotoka Punjab huko Bara Hindi. Baba yake alikuwa na gereji.

Basi Joginder alikulia kwenye oili na spana. Alijifunza ufundi kabla ya kujifunza mashindano. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani na kuwasaidia watu walioharibikiwa na magari. Wasomaji, iangalieni kazi hiyo. Kila siku mtu huyu alikuwa anaona magari yaliyoharibika. Kila siku alikuwa anajiuliza, hili limeharibika kwa sababu gani? Hiyo nayo ni shule.

Aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Hakushinda. Mwaka uliofuata hakushinda. Miaka mingine ikapita. Hakuacha.

GARI LILILOKWISHA KUTUMIKA

Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo cha nchi ya Sweden kilileta magari yake kwenye Safari. Hayakushinda. Mashindano yalipokwisha, moja ya magari yale yaliyotumika lilimfikia Joginder. Lilikuwa Volvo ya aina ya PV544, gari lenye mgongo wa duara, la muundo wa zamani hata kwa wakati ule. Watu wa kiwanda walikuwa wameshindwa nalo. Kwa mtu mwingine lingekuwa gari la kupelekea watoto shule.

Mwaka 1965 Joginder aliingia Safari na gari hilo hilo. Pembeni yake alikaa ndugu yake, Jaswant Singh. Wakashinda.

Tuliposoma habari hizi darasani, kijana wetu aliuliza, "Gari ni lile lile lililoshindwa jana. Limeshindaje leo?" Tulimrudishia swali lake mwenyewe. Kama gari halikubadilika, basi kilichobadilika ni nini? Akanyamaza kidogo, akasema, "Ni mtu." Tunakubaliana naye. Aliyekuwa nyuma ya usukani alikuwa fundi, na njia zile alizijua.

Toka siku ile jina lake lilienea. Waingereza walimwita Kalasinga Arukaye. Watu wa Kenya walimwita Simba wa Kenya. Kenya ilikuwa imepata uhuru mwaka 1963, miaka miwili tu kabla ya ushindi ule, na watu walifurahi kuona mtoto wa Kericho amewashinda wenye viwanda vyao.

MSOMAJI NDANI YA GARI

Hapa kuna jambo ambalo sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tutalipenda. Katika mashindano haya gari halina mtu mmoja. Lina watu wawili. Mmoja anaendesha. Wa pili anasoma.

Ndiyo, anasoma! Kabla ya mashindano wanapita njiani polepole, wanaandika kwenye daftari: hapa kona kali ya kushoto, hapa daraja jembamba, hapa korongo, hapa punguza mwendo. Siku ya mashindano msomaji anashika daftari na saa. Gari linarukaruka, vumbi linaingia, usiku ni giza. Yeye anasoma kwa sauti, dereva anatii. Akikosea neno moja, akasema kulia badala ya kushoto, wote wawili wako korongoni. Kwa hiyo macho ya dereva ni mawili, lakini macho ya gari ni manne.

Mwaka 1965 msomaji wa Joginder alikuwa ndugu yake Jaswant. Miaka ya baadaye alikuwa David Doig. Majina ya wasomaji watu huyasahau upesi. Lakini kwenye orodha ya washindi yameandikwa pamoja na ya madereva, na ndivyo inavyostahili.

MARA YA PILI NA YA TATU

Baada ya 1965 Joginder alikaa miaka tisa bila kushinda Safari. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa tayari yuko shule ya msingi. Lakini kila mwaka aliingia.

Mwaka 1974 mvua ilikuwa kubwa. Joginder alikuwa na gari dogo la Kijapani, Mitsubishi Lancer. Miongoni mwa wapinzani wake alikuwa Björn Waldegård wa Sweden na gari lake la Porsche, gari lenye nguvu sana. Joginder na Doig walishinda. Waldegård akawa wa pili.

Mwaka 1976 wakashinda tena kwa Lancer. Mwaka huo Lancer zilishika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Alishindana hadi mwaka 1980. Sasa tuandike hesabu yake ubaoni, maana hapa ndipo lilipo jibu la ubishi wetu:

Aliingia Safari mara 22.
Alishinda mara 3.
Alifika mwisho wa safari mara 19.

Tuangalie namba hizo vizuri. Watu wanamkumbuka kwa zile 3. Lakini sisi tunasema ukubwa wake uko kwenye 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari 7 tu yalifika, mtu huyu alikosa kufika mara 3 tu katika miaka 22. Zile 3 zilizaliwa na zile 19. Asiyefika hashindi.

Joginder Singh alifariki London mwezi Oktoba 2013. Alikuwa na umri wa miaka 81. Dereva wa mashindano aliyekufa mzee! Hiyo nayo ni habari ya kuwaambia vijana.

JIRANI YETU WA UGANDA

Aliyekuja kumpita Joginder kwa vikombe alikuwa jirani yetu zaidi. Ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi Uganda. Sisi wa mpakani tunamkumbuka Amin kwa mengi, maana vita ya mwaka 1978 na 1979 ilipigwa katika mkoa wetu huu. Mehta alihamia Kenya.

Mwaka uliofuata, 1973, alishinda Safari kwa gari la Datsun. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na pointi sawasawa! Ilibidi waamuzi waangalie kanuni ndipo Mehta akapewa ushindi. Dakika moja tu ya kuchelewa kituo kimoja ingempa mwenzake kikombe. Baadaye Mehta alishinda miaka minne mfululizo: 1979, 1980, 1981 na 1982. Jumla mara tano. Alifariki mwaka 2006.

BINGWA WA PIKIPIKI ALIYESEMA HAPANA

Kijana wetu alisema, "Sawa, hao ni wa magari. Mimi nauliza pikipiki." Basi tumletee pikipiki.

Bingwa mkubwa wa mbio za pikipiki alikuwa Giacomo Agostini wa Italia. Alizaliwa mwaka 1942. Kati ya mwaka 1966 na 1975 alipata ubingwa wa dunia mara 15. Alishinda mashindano ya ubingwa wa dunia mara 122. Huyu alikuwa na kasi, wala hatutaki kudanganya.

Lakini sikilizeni. Kati ya Uingereza na Ireland kuna kisiwa kinaitwa Isle of Man. Huko mbio za pikipiki hufanywa kwenye barabara za kawaida. Mzunguko mmoja ni kama kilomita 60. Barabara inapita vijijini, kando ya kuta za nyumba na miti, na inapanda mlimani kwenye ukungu. Agostini alikuwa ameshinda huko mara 10.

Mwezi Juni 1972 rafiki yake, Gilberto Parlotti, Mwitaliano mwenzake, alikufa kwenye mashindano hayo wakati wa mvua. Agostini akasema: mimi hapa sirudi tena. Watu wengi walisikitika, wengine walimlaumu. Alikuwa bingwa, kila mtu alitaka kumwona. Lakini hakurudi kushindana. Mabingwa wengine nao wakaanza kukataa. Kuanzia mwaka 1977 mbio za kisiwa kile ziliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia.

Tumwulize kijana wetu: je, Agostini alikuwa mwoga? Mtu mwenye ubingwa mara 15 hawezi kuitwa mwoga. Alijua njia ipi inafaa kwa kasi na ipi haifai. Isitoshe, hao mabingwa wana kofia ngumu, mavazi ya ngozi, madaktari wanaongoja pembeni, na hawabebi mama wa makamo nyuma yao.

TURUDI KIMULI: TUFANYE HESABU

Sasa tuchukue daftari. Tuseme safari ni ya kilomita 12.

Ukienda mwendo wa kilomita 40 kwa saa, utatumia dakika 18.
Ukienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, utatumia dakika 12.
Tofauti ni dakika 6.

Dakika 6 ni muda wa kumenya ndizi tatu au nne. Kwa ajili ya dakika 6 kijana wetu alivunjika mguu.

Hesabu ya pili. Ukiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unakwenda mita 11. Ukiwa kwenye 60, kila sekunde unakwenda karibu mita 17. Mtoto akikatiza njia, sekunde nzima inaweza kupita kabla mkono na mguu havijafika kwenye breki. Hizo mita 17 umeshakwenda, na breki bado hujashika. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mwendo ukizidi mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki hauzidi mara mbili. Unazidi mara nne. Kama kwenye mwendo wa 30 breki inakusimamisha kwa hatua 8, kwenye mwendo wa 60 itataka hatua 32. Hiyo ni barabara kavu. Kwenye utelezi wetu wa masika ni zaidi tena.

KWA NINI VIJANA WANAKIMBIA?

Ndugu wasomaji, tusiwalaumu vijana peke yao. Tutafute mzizi.

Kijana wa pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu kila siku. Mvua inyeshe, isinyeshe, tajiri anataka fedha yake. Kwa hiyo kila dakika kijana anaiona kuwa ni shilingi. Tunawaomba wenye pikipiki wafikirie jambo hili. Siku ya mvua kubwa punguza hesabu, au iahirishe. Pikipiki iliyo mtaroni haileti hesabu yoyote.

Na sisi abiria je? Ni nani anayepanda akasema, "Kimbiza kijana, nimechelewa mnadani"? Ni sisi. Ni nani anayepanda mshikaki, watu watatu au wanne, ili nauli ipungue? Ni sisi. Ni nani anayemwona kijana ametoka kunywa rubisi, macho mekundu, na bado anapanda? Ni sisi wenyewe. Katika gari la Joginder aliyekaa pembeni alikuwa na kazi ya kusema, "Punguza, mbele kuna korongo." Abiria wa pikipiki naye ana mdomo. Autumie.

MAMBO YA KUSHIKA

Kutokana na maisha ya mabingwa hawa, kikundi chetu kimekubaliana mambo haya:

1. Ijue mashine yako. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama breki zote mbili, matairi, cheni, oili, taa na nati. Kazi hiyo haimalizi dakika 6.

2. Ijue njia yako. Kila kijana ana daftari kichwani: kalavati lililobomoka, kona isiyoonyesha mbele, mahali watoto wa shule wanapovuka. Ukiiona hatari mpya, waambie wenzako kijiweni.

3. Usizime injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli. Injini ikiwa kwenye gia ndogo inasaidia breki kuzuia mwendo. Ukiizima, umeachia mlima kazi ya kuendesha.

4. Kofia ngumu ni kwa dereva na kwa abiria, na ifungwe kamba. Kofia iliyoning'inizwa kwenye usukani inaulinda usukani.

5. Uwe na leseni. Kujifunza kwa mwalimu ni tofauti na kujifunza kwa kuanguka.

6. Jua kusema hapana. Mzigo umezidi, hapana. Abiria watatu, hapana. Mvua imefunika njia, tungoje. Hata Agostini alisema hapana.

MWISHO

Mzee wetu aliyesema pikipiki ni jeneza amepunguza ukali kidogo. Juzi mjukuu wake aliugua homa usiku. Kilichompeleka kituo cha afya ni pikipiki, na dereva alikwenda taratibu, taa inawaka, mpaka wakafika. Mzee alisema tu, "Yule kijana ana akili." Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Na yule kijana aliyevunjika mguu? Mguu umeunga, lakini anachechemea. Siku hizi anakaa kwa fundi, anaziba pancha na kujifunza kufungua injini. Tulimpa habari hizi azisome kabla hatujazichapa. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye zile namba, 22, 3 na 19, alisimama. Akauliza, "Kumbe huyu naye alianzia gereji?"

Tukamjibu, ndiyo, alianzia gereji.

MANENO YA KUJIFUNZA

bingwa – mtu aliyewashinda wengine wote katika jambo fulani
butura – kuuza kahawa ikiwa bado mtini
kalavati – njia ya maji iliyojengwa chini ya barabara
mfululizo – moja baada ya nyingine bila kukatika
mkataba – makubaliano. Hapa ni pikipiki ya kulipia kidogo kidogo
mshikaki – kupanda watu wengi kwenye pikipiki moja
ng'ambo – nchi za mbali, upande wa pili wa maji

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mashindano ya Safari mshindi alipatikana kwa njia gani?
2. Kwa nini tunasema namba 19 ni kubwa kuliko namba 3 katika maisha ya Joginder Singh?
3. Safari ni ya kilomita 20. Mmoja anakwenda kilomita 40 kwa saa, mwenzake kilomita 60 kwa saa. Watapishana dakika ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni mahali gani pa hatari ambapo pangeandikwa kwenye daftari la njia? Pangeni siku ya kwenda kupatengeneza.
5. Mwenye pikipiki, dereva na abiria: kila mmoja afanye nini ili wote wafike?